Mwili wa Kuazima

1

Darasa zima lilipiga kelele kwa mpigo mmoja. Vumilia Kihwele naye alipiga, kisha akajichukia kwa kupiga.

Kwenye skrini ya ukutani mama mmoja alikuwa amemaliza kupakua ugali. Mezani watu watano, sahani sita. Basi, hakuna la zaidi. Hakukuwa na damu, wala mzuka mwenye nywele usoni, wala ule muziki wa kumnyatia mtu. Sekela Mwaijande alikuwa ameikata sauti yote ghafla, akaiacha sahani ya sita itoe mvuke peke yake, na wanafunzi wa chuo cha filamu cha Gangilonga wakang'ang'ania viti vyao.

"Mmeona?" alisema Mwalimu Chengula, akivua kikuku chake. "Na hiyo ni rasimu tu. Ninyi wengine mnanijazia popo na makaburi. Mwenzenu ana sahani!"

Wakacheka. Vumilia akacheka kuwashinda wote, maana mwenye kijiba cha roho hucheka kwa bidii. Aliishusha mikono yake chini ya meza na kuifuta jasho kwenye sketi. Jasho lenyewe lilikuwa la Sekela, kwa namna fulani, na hilo ndilo lililomuuma.

Zama hizo hakuna aliyetazama filamu kwa macho matupu. Ulivaa kikuku kwenye kifundo cha mkono, na filamu ikakuingia mwilini: moyo ukaenda mbio, viganja vikalowa, tumbo likashuka, bila mtu kukuuliza kama uko tayari. Kwa hiyo mhariri alikuwa na mistari mitatu ya kushughulika nayo ndani ya programu iliyoitwa Mshono. Wa kwanza wa picha, wa pili wa sauti, wa tatu wa mwili. Picha unaweza kuchora na sauti unaweza kutengeneza, lakini mwili ulikuwa haujapata fundi wa kuuiga. Ilibidi urekodiwe kutoka kwa mtu hai aliyeogopa kweli, na kazi isingetoka nje ya chuo mpaka mtu huyo aseme kwa sauti yake mwenyewe kwamba ameridhia.

Zoezi la muhula huo lilikuwa trela ya filamu ambayo haikuwepo. Wanafunzi waliotangulia walipiga picha ovyo ovyo za familia moja na sahani zake, wakaziita "Sahani ya Sita", na kila darasa likarithi picha zilezile kwa kujifunzia. Mstari wa mwili ulitoka ghala la chuo. Waliuita hofu ya dukani: waigizaji wamekalishwa kwenye benchi wakashtuliwa kwa ndoo za maji. Hofu nyepesi, ya kupiga chafya.

Na mshindi angepewa kiti. Kiti kimoja tu, pembeni mwa mhariri mkuu wa filamu ya kweli itakayoanza Dodoma baada ya likizo. Vumilia alikuwa amekiota kiti hicho tangu alipokuwa akikata video za harusi za shangazi zake kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Sekela je? Sekela alitoka Tukuyu akiwa hajui hata kufungua Mshono. Siku ya kwanza alikuwa akibonyeza kipanya kwa kidole gumba. Nani alimshika mkono? Nani alimwonyesha pa kukata, pa kuunga, namna ya kuficha mshono? Vumilia. Na sasa mwanafunzi wa Vumilia alikuwa ana sahani.

2

Pale chuoni palikuwa na desturi yao wenyewe. Kabla ya kukabidhi kazi ulimwomba mwenzako akuazime mwili. Anavaa kikuku, anatazama trela yako, na mwili wake unajichora kwenye mstari wa tatu ili uone wapi ameshtuka na wapi amelala. Akimaliza anasema, "Nirudishie," nawe unafuta mchoro wake mbele ya macho yake. Hakuna aliyekumbuka nani alianzisha. Lakini usipofuta, hutaazimwa tena na mtu, na mhariri asiyeazimwa ni sawa na mpishi asiyeonja.

Asubuhi moja ya Julai, baridi ya Iringa ikiwa imewakunja watu ndani ya masweta, Sekela aliingia chumba cha kuhariria na chupa ya chai kwapani.

"Kamwene, mwalimu wangu!"

"Kamwene," Vumilia aliitikia salamu hiyo ya Kihehe. Jina hilo la mwalimu wangu zamani lilimfurahisha. Siku hizi alilisikia kama dhihaka, ingawa Sekela hakuwa mtu wa dhihaka. Mtu mwenyewe hakuwa na ubaya wowote, na hilo nalo lilikuwa tatizo. Ni kazi ngumu kumchukia mtu anayekuletea chai.

"Leo zamu yangu kukuazima," Sekela alisema, akijifunga kikuku. "Haya, nitishe."

Trela ilianza. Vumilia hakutazama picha, alitazama mstari wa tatu. Kwenye sahani ya sita mstari uliinuka kidogo ukatulia. Kwenye mkono unaotokea chini ya meza, kidogo. Kwenye kisu kinachoanguka, hakuna kitu. Roho ikamuuma. Alijua kuwa angekuwa ameazimwa na ukuta angeona mistari hiyohiyo.

Kisha kikaja kipande cha mlango. Kilikuwa kipande cha kutupwa. Mama anasimama mlangoni na kumwita mtoto wake aje kula, na mtoto aliyeigiza siku hiyo alisahau zamu yake, hakutokea. Darasa lote lilikiacha. Vumilia alikiokota bila kujua hasa kwa nini, akamwondoa mama, akauacha mlango. Mlango mtupu, uwanja, jua la jioni, na sauti ya mama ikiita mara moja tu. Mlango ukakaa. Ukaendelea kukaa hata pale ambapo mhariri mwingine yeyote angekata.

Mstari wa mwili ulipanda mpaka ukagusa ukingo wa juu wa kioo.

Vumilia aligeuka. Sekela alikuwa ameushika mdomo wake kwa mkono wa pili, machozi yanashuka kimya kimya.

"Nini tena? Sekela! Umeumia?"

"Hapana. Ni..." Alivua kikuku. "Nilikuwa na mdogo wangu. Ambele. Mama aliniambia nimwangalie, nikaenda kucheza. Jioni nikasimama mlangoni namwita, kula tayari. Namwita, namwita. Tulimkuta kwenye kisima cha jirani."

"Pole. Jamani, pole sana. Hukuwahi kuniambia."

"Sijawahi kumwambia mtu. Mama aliendelea kumpakulia, unajua? Sahani yake ilikaa mezani hata baada ya arobaini. Hakuna aliyethubutu kuiondoa." Akajifuta uso kwa mkono wa sweta na kujaribu kutabasamu. "Basi ndiyo hivyo. Nirudishie."

Vumilia akafuta. Mstari ukapotea, Sekela akashukuru, akamimina chai, akaondoka kwenda kipindi cha sauti.

Sasa, Mshono haukuwa ukifuta kitu moja kwa moja. Kilichofutwa kilianguka kwenye kapu, kikakaa humo mpaka mwenye kazi alimwage. Kila mwanafunzi alilijua hilo, na kila mwanafunzi alijifanya halijui, kwa sababu desturi ilihitaji hivyo.

3

Vumilia hakulifungua kapu siku ile. Alilifungua kesho yake mchana, na kati ya siku hizo mbili aliteseka.

Kwanza alijiambia kuwa anamhurumia mwenzake. Alimhurumia kweli, usifikiri alikuwa na moyo wa jiwe. Lakini chini ya huruma kulikuwa na kitu kingine kinachokwaruza, na alipokichungulia alikuta ni hesabu. Kumbe ndiyo maana! Kumbe Sekela hakuwa na kipaji chochote, alikuwa na sahani ya kweli nyumbani kwao. Yeye Vumilia nyumbani kwao hakufa mtu. Baba yake fundi baiskeli, mama yake anauza vitunguu, ndugu zake wote wazima wenye afya ya punda. Angepata wapi hofu ya namna ile? Kwa nini wengine wazaliwe na kila kitu?

Alimwonea wivu msiba. Ndiyo, msiba. Alimwonea mwenzake wivu kwa mtoto aliyekufa maji, na alipotambua kwamba ndicho anachokifanya hakuacha.

Hoja zilijipanga zenyewe. Hili ni zoezi, halitoki chuoni. Kwa kazi za zoezi Mshono hauombi ridhaa ya mtu. Sekela hatagundua, hofu haina sura. Na hata akigundua, si ni mimi niliyemfundisha? Hoja ya mwisho haikuwa na maana yoyote lakini ndiyo aliyoirudia zaidi.

Akalifungua kapu. Mchoro wa Sekela ulikuwemo, mzima, na kilele chake. Akaupandisha kwenye mstari wa tatu na kuutandaza chini ya sahani ya sita, pale alipotaka watu wapige kelele.

Kushona mwili wa mtu kuna utaratibu wake. Mhariri huvaa kikuku chake na kuupitisha mchoro kwenye mwili wake mwenyewe, ili mapigo ya moyo yaende sawa na picha. Ukimaliza unaosha: Mshono unatenganisha wako na wake, wako unatoka, wake unabaki safi. Ila kuosha kunamhitaji mwenye mwili awepo na kikuku chake, vinginevyo programu haijui upi ni upi. Vumilia asingeweza kumwita Sekela aje kuosha alichoibiwa. Akaona si neno. Alikuwa na hofu yake mwenyewe wakati anashona, hofu ya kukamatwa. Hofu juu ya hofu, itaharibu nini?

Hofu ya Sekela ilikuwa ndefu kuliko kipande cha sahani, na trela ilikuwa na urefu wake usiozidi. Ili kukirefusha, ilibidi apunguze mahali pengine. Akakitazama kile kipande cha mlango, ambacho sasa kilimkumbusha asichotaka kukumbuka, akakikata. Kikaanguka kapuni. Mahali pake akatia yowe fupi la mwanamke kutoka ghala la sauti.

4

Siku ya maonyesho Mwalimu Chengula alivaa koti lake la sherehe. Trela zilipita moja baada ya nyingine. Kijana mmoja aitwaye Luhwago alileta popo tena, akazomewa. Ya Sekela ilipigiwa makofi marefu. Kisha ikaja ya Vumilia.

Sahani ya sita ilipotua mezani, watu hawakupiga kelele. Walikosa pumzi. Mikono ilipoa. Msichana wa mstari wa mbele alianza kulia bila kujua anamlilia nani. Ilikuwa hofu ya mtu aliyepoteza kitu na anajua ni yeye aliyekipoteza, na chumba kizima kilikuwa nayo kwa pamoja.

Halafu kikaja kingine. Kilipanda polepole kutoka tumboni, cha moto, kichungu. Luhwago alijikuta anatazama viatu vya jirani yake na kuona havimstahili. Wawili waliokuwa wameshikana mikono wakaachana. Kila mmoja alihisi kuwa aliyekaa pembeni yake amepewa kitu kilichopaswa kuwa chake, tena amepewa bure. Mwalimu mwenyewe alitazama mvi za mlinzi aliyesimama mlangoni akazionea kijicho.

Skrini ikazimika. Mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata.

"Sijawahi," alisema Mwalimu Chengula. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Sijawahi, tangu nianze kufundisha. Hofu yenye njaa ndani yake! Hiki ndicho wanachokitafuta Dodoma. Naituma sasa hivi."

Vumilia alihisi furaha kwa muda mfupi, furaha tupu ya mtoto. Kisha akamwona Sekela. Sekela alikuwa hajapiga makofi. Alikuwa amekishika kikuku chake kwa mkono mwingine, ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza sauti yake mwenyewe ikizungumza chumba cha pili.

Mwalimu alibonyeza kutuma, na kazi ikaacha kuwa zoezi. Mshono ukauliza kwa ile sauti yake ya upole: "Mwenye mwili aseme."

"Ni mimi," alisema Vumilia. "Mimi Vumilia Kihwele naridhia."

"Miili miwili," ulijibu Mshono. "Mmoja amesema. Wa pili hajasema."

Vichwa vikaanza kugeuka.

"Wa pili ni nani?" aliuliza Mwalimu Chengula.

Macho ya Vumilia yalikuwa yamekwishafika kwa Sekela na darasa likayafuata. Mwalimu akavua miwani na kukaa juu ya meza.

"Binti, sikiliza. Njia ziko mbili. Muombe mwenzako, hapa hapa, mbele yetu. Akiridhia, nitatuma, na kiti ni chako. Hilo la kuiba tutalizungumza baadaye. Au mrudishie."

Kuomba ni neno jepesi. Watoto wanaliweza. Vumilia alifungua mdomo, akamtazama Sekela usoni, na akaona jambo lililomtisha kuliko sahani zote za dunia: Sekela angekubali. Ilikuwa wazi usoni pake. Alikuwa amechoka, ameumia, lakini angeombwa angesema naam, kama alivyokuwa akileta chai. Na Vumilia angeenda Dodoma kwa hisani ya Sekela, kwa msiba wa Sekela, na kwa wema wa Sekela juu yake. Hata wema huo alimwonea wivu. Kwamba mtu anaweza kuwa nao!

Sitaki kumsifu kwa alichofanya. Pengine ilikuwa haki, pengine ilikuwa kiburi tu kimevaa nguo za haki. Alikwenda kwenye mashine akafuta mstari wa tatu.

"Na kapu," alisema Sekela. Ndilo neno lake la kwanza.

Vumilia akafungua kapu. Mshono ukauliza kama amwage vyote. Macho ya darasa yalikuwa mgongoni mwake, alitaka tu yaishe.

"Vyote," alisema.

Mwalimu, kwa kuwa ndiyo kanuni, aliionyesha trela upya bila mwili. Kisu kikaanguka, sahani ikatua, mwanamke akapiga yowe. Mtu mmoja akapiga mwayo. Kiti kikaenda kwa Sekela, na hakuna aliyeshangaa.

5

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, Vumilia alimkuta Sekela akikunja blanketi. Walikuwa wakilala chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza.

"Unahamia wapi?"

"Kwa akina Tuliza. Kuna kitanda."

Vumilia alisimama mlangoni, hajui aweke wapi mikono. "Nisamehe, dada." Hakuwahi kumwita dada.

Sekela alimaliza blanketi, akachukua shuka. "Unajua nilichokihisi jana? Siyo hofu yangu. Hiyo naijua, naishi nayo. Ni kile cha juu yake. Nilidhani unanionea wivu kwa kazi, basi, nani hana wivu? Kumbe ulimwonea wivu hata Ambele." Akatikisa kichwa. "Sijui nikusamehe kwa njia gani, Vumilia. Bado natafuta."

"Ulikuwa na kila kitu. Mimi sikuwa na kitu cha kuwatisha watu."

Sekela aliiacha shuka. Kwa mara ya kwanza alionekana kukasirika kweli.

"Hukuwa na nini? Siku ile nimekuazima, unafikiri nilishtushwa na nini? Nilishtushwa na mlango wako! Kipande ambacho wote tulikitupa, mwalimu mwenyewe alikitupa. Wewe umekiacha kikakaa mpaka mtu anaanza kumtafuta mtoto mwenyewe. Mimi nina sahani kwa sababu nyumbani kulikuwa na sahani. Wewe ule mlango umeutoa wapi? Hukufiwa, hukusimuliwa. Umeutoa kichwani tu." Akavuta pumzi. "Nilitoka pale nikaenda kipindi cha sauti sikusikia hata neno moja. Nilikuwa nakuonea wivu mpaka nataka kutapika. Nikasema kiti ameshakichukua huyu, amekwisha."

Vumilia aliushika mwimo wa mlango.

"Jana nikaungoja," Sekela alisema. "Nikasema sasa unakuja. Haukuja. Mbona uliukata?"

"Nilihitaji nafasi."

"Ya nini?"

Vumilia alijibu kwa sauti ndogo. "Ya hofu yako."

Sekela alibeba furushi lake, akamzunguka mlangoni kwa uangalifu ili wasigusane, akaenda.

Vumilia alikwenda mbio mpaka chumba cha kuhariria na kufungua kapu. Kapu lilikuwa tupu, kama alivyoliacha; mlango wake ulikuwa umemwagwa pamoja na vyote. Picha mbichi zilikuwepo ghalani, za urithi wa wote, kwa hiyo alikitafuta tena kile kipande: mama mlangoni, anaita, mtoto aliyesahau zamu yake. Akamwondoa mama. Akaubakiza mlango. Halafu akasita na kidole juu ya kitufe, kwa sababu hakukumbuka aliuacha ukae kwa muda gani. Akakata. Ukawa mfupi, mlango tu wa nyumba. Akaurefusha, ukawa picha ya mtu aliyesahau kuzima kamera. Akajifunga kikuku chake mwenyewe ajipime, na mstari wa tatu ukapanda, lakini alijua fika ni kitu gani kinachoupandisha, na si mlango.

Alihitaji mwili wa mtu mwingine, mtu wa kukaa hapo, atazame, aseme nirudishie.

Wenzake walikuwa wakiingia kutoka chakulani, wawili wawili, na vikuku vyao. Walipoiona sura yake mezani pale, kila jozi ilichagua mashine ya mbali. Vumilia alikivuta kiti cha pembeni yake, kile alichokuwa akikalia Sekela, akakipangusa, akakigeuza kielekee skrini. Kisha akauanzisha mlango upya na kungoja.